Chaneli 3 haina mtu, mbona Wi-Fi imezidi kukwama?

Swali: Naishi ghorofa ya nne Kariakoo, Dar es Salaam. Nina faiba ya Mbps 20. Mchana haina shida, ila kuanzia saa mbili usiku video zinazunguka tu, hasa chumbani, ambako simu inaonyesha mawimbi ya ruta yangu ni -64 dBm (kipimo cha nguvu ya mawimbi: namba ikikaribia sifuri, mawimbi yana nguvu zaidi). Nilipakua programu ya kupima Wi-Fi, nikasimama humo chumbani nikakuta hivi: chaneli 1 ina mitandao sita, wenye nguvu kuliko yote ni -72. Chaneli 6 ina saba, miwili kati yake ni -48 na -55. Chaneli 9 ina mmoja, -61. Chaneli 11 ina mitatu: -66, -79 na -85. Chaneli 3 haikuwa na mtu kabisa, nikahamia huko, hali ikawa mbaya zaidi. Sasa nichague ipi?

Jibu: Hamia chaneli 1, weka upana wa MHz 20, halafu TV na laptopu zihamishie kwenye masafa ya 5 GHz. Utauliza kwa nini uende kwenye mitandao sita wakati chaneli 11 ina mitatu tu. Sababu ni huyo jirani mmoja aliyekaa chaneli 9: eneo lake linalalia la 11 kwa sehemu, na kulaliana kwa aina hiyohiyo na majirani wengine ndiko kulikokuangusha ulipokwenda 3.

Ila kabla ya kugusa chochote, hakikisha tatizo liko hewani na si kwenye laini ya faiba. Subiri saa tatu usiku mambo yakikwama, chomeka laptopu kwenye ruta kwa waya wa LAN, uzime Wi-Fi ya laptopu, kisha upime kasi. Ukipata Mbps 3 hata kwa waya, hakuna chaneli itakayokusaidia. Wapigie mtoa huduma wako. Ukipata 18 au 19 kwa waya huku simu ikihangaika, tuendelee.

Kipimo cha pili ni kizuri zaidi kwa sababu hakihusishi intaneti kabisa. Chomoa waya, rudi kwenye Wi-Fi, nenda chumbani na laptopu, fungua dirisha la amri la Windows uandike `ping -n 100 192.168.1.1`. Kama anwani ya ruta yako ni nyingine, imeandikwa kwenye kibandiko chini yake. Vifaa vingi vya faiba hutumia 192.168.100.1. Pakiti hizo mia moja (vipande vidogo vya data) zinakwenda hadi kwenye ruta na kurudi, hazitoki nje ya nyumba. Hewa ikiwa safi, majibu mengi huja kwa milisekunde 1 hadi 5, na moja moja kuruka hadi 20 au 30 si neno. Ukiona 80, 200, 450, na katikati yake pakiti zinapotea, hapo msongamano wa hewa umejionyesha wenyewe. Hifadhi matokeo hayo, utayahitaji kulinganisha baadaye.

Sasa namba zako. Masafa ya 2.4 GHz yamegawanywa chaneli 13, lakini kutoka chaneli moja hadi inayofuata ni MHz 5 tu, wakati mtandao mmoja wa Wi-Fi unahitaji MHz 20. Kwa hiyo namba ya chaneli ni katikati ya eneo, si eneo lenyewe. Katikati ya chaneli 1 ni MHz 2412, na mtandao wake umeenea takriban kutoka 2402 hadi 2422. Chaneli 3 inaanzia 2412 hadi 2432. Chaneli 6 inaanzia 2427 hadi 2447. Umeona ulipokaa? Nusu yako iko ndani ya chaneli 1 na robo yako ndani ya chaneli 6. Programu ilikuonyesha kwamba hakuna aliyeandikisha namba 3, haikukuambia kwamba hewa ya hapo ni tupu. Programu nyingi za aina hiyo zina ukurasa wa mchoro wenye vilima. Huo ndio wa kutazama, si orodha ya namba, kwa sababu kwenye mchoro unaona kilima cha jirani kinavyolalia eneo lako.

Kuchangia chaneli moja na jirani si balaa kama kunavyosikika. Vifaa vya Wi-Fi vilivyo kwenye chaneli moja vinaelewana: kabla ya kutuma, kila kimoja kinasikiliza, kikisikia mwenzake anatuma, kinasoma mwanzo wa ujumbe wake, kinajua utachukua muda gani, na kinangoja. Kasi inagawanywa, lakini ujumbe unafika. Aliye pembeni, chaneli mbili au tatu kando, haeleweki. Anasikika kama mashine ya kusaga nyuma ya ukuta: unajua ipo, hujui itanyamaza lini. Na kuna namba mbili zinazolifanya jambo hili kuwa baya zaidi. Viwango vya Wi-Fi vinataka kifaa kiheshimu ujumbe wa Wi-Fi ambao kinaweza kuusoma, hata ukifika ukiwa dhaifu wa -82 dBm. Kama ni kelele tu zisizosomeka, kinaruhusiwa kuzipuuza mpaka zifike -62 dBm. Tofauti hiyo ya desibeli 20 ni nguvu mara 100. Maana yake jirani wa pembeni anaweza kuwa karibu kabisa, akavuruga mawasiliano yako, na kila mmoja wenu akaendelea kutuma bila kumngoja mwenzake. Ujumbe unaharibika, ruta inarudia kutuma, unaharibika tena, ruta inashusha kasi ili usomeke kirahisi, na ujumbe wa kasi ndogo unakaa hewani muda mrefu zaidi, kwa hiyo nao una nafasi kubwa zaidi ya kugongwa. Hicho ndicho kinachotokea saa mbili usiku jengo zima likiwa limewasha TV.

Tuipime chaneli 11 kwa macho hayo. Inaanzia 2452 hadi 2472. Jirani wa chaneli 9 anaanzia 2442 hadi 2462. Nusu yake iko ndani ya 11. Nusu ya nguvu ni pungufu la desibeli 3, kwa hiyo -61 yake inaingia kwako kama -64 hivi. Ruta yako chumbani nayo ni -64. Yaani kila jirani huyo anapotuma, simu yako inapokea sauti ya ruta na kelele za jirani kwa nguvu zilezile, wakati ili kupata kasi nzuri sauti ya ruta inapaswa kuzidi kelele kwa desibeli 20 na zaidi. Tena kelele hizo ziko chini kidogo ya -62, kwa hiyo hakuna anayelazimika kumngoja mwenzake. Ni mahali pabaya kuliko panavyoonekana.

Chaneli 6 haihitaji hesabu ndefu: mitandao miwili ya -48 na -55 ni ya watu mnaogawana ukuta au sakafu, na bado kipande cha yule wa 9 kinaingia humo.

Chaneli 1 ina sita, lakini mkubwa wao ni -72. Jirani wa 9 hafiki huko. Wale walio kati ya -72 na -82 mtasikilizana na kungojana. Walio chini ya hapo ni kelele ndogo, desibeli 18 au zaidi chini ya ruta yako. Kwa hiyo usihesabu vichwa. Tazama kwanza nani yuko pembeni bila kukaa kwenye 1, 6 au 11, halafu nani ana nguvu, na idadi iwe ya mwisho. Hata idadi yenyewe hudanganya: ruta moja yenye mtandao wa familia na wa wageni inajitokeza mara mbili. Angalia anwani za MAC (namba za utambulisho wa vifaa) kwenye orodha; mbili zinazofanana isipokuwa herufi moja au mbili, zenye nguvu ileile, ni kifaa kimoja.

Sisemi idadi haina gharama. Kila mtandao hutangaza jina lake takriban mara kumi kwa sekunde, hata kama hakuna anayeutumia. Kwenye ruta inayobeba bado vifaa vya zamani vya 802.11b (b, g na n ni vizazi vya Wi-Fi, b ndicho cha zamani zaidi kati ya hivyo), tangazo hilo hutumwa kwa kasi ya Mbps 1. Tangazo la baiti 300 hivi linachukua karibu milisekunde 2.6, zidisha kwa kumi, mtandao mmoja unakula kama asilimia 2.5 ya muda wa hewa kwa kutaja jina tu. Majirani sita, asilimia 15 imekwenda kabla hujatuma chochote. Wewe huwezi kuwapangia wenzako, lakini ya kwako ipunguze: kwenye ukurasa wa Wi-Fi, palipoandikwa "Mode", toa "b/g/n" uweke "g/n" au "n". Kwenye ruta nyingi hatua hiyo hulifanya tangazo litumwe kwa Mbps 6, likapungua hadi chini ya nusu milisekunde. Na kama una mtandao wa wageni ambao hakuna mgeni anayeutumia, uzime.

Upana ndio unaosahaulika kuliko vyote. Maandishi ya "300 Mbps" unayoyaona kwenye boksi la ruta ya bei nafuu yanapatikana kwa antena mbili na upana wa MHz 40. Lakini masafa yote ya 2.4 GHz yana MHz 83 tu. Ukichukua 40 jengoni Kariakoo umejikaribishia mitandao ya chaneli 1 na 6 yote kwa pamoja. Kwa MHz 20 antena hizohizo mbili zinatoa Mbps 144 za kwenye karatasi, tuseme 70 hivi hewa ikiwa safi. Kifurushi chako ni Mbps 20. Huna unachopoteza. Palipoandikwa "Channel Width" au "Bandwidth" weka 20, usiache "20/40" wala "Auto".

Kubadilisha kwenyewe ni kazi ya dakika tano. Fungua kivinjari, andika ile anwani ya ruta, ingia kwa jina na nywila za kwenye kibandiko (kama fundi aliyekufungia alizibadilisha, muulize yeye, usibonyeze kitufe cha kurudisha mipangilio ya kiwandani, maana kwenye vifaa vya faiba unaweza kufuta na mipangilio ya laini yako). Tafuta ukurasa wa "WLAN" au "Wireless", sehemu ya 2.4 GHz. Weka chaneli 1, upana 20, hifadhi. Wi-Fi itakatika sekunde chache na kurudi. Nywila ya mtandao haibadiliki, hakuna kifaa cha kuunganisha upya.

Mbona nisiache ruta ijichagulie? Ruta nyingi za nyumbani huchagua mara moja tu, zinapowaka, na hazirudi kuangalia tena. Fikiria umeme umekatika jengo zima, kisha ukarudi. Ruta zote zinawaka dakika moja, kila moja inasikiliza, inakuta hewa iko kimya kwa sababu na zenzake bado hazijaanza kutangaza, na nyingi zinaweza kuishia chaneli moja. Hapo ndipo watu husema "tangu umeme urudi jana Wi-Fi imekuwa ovyo". Kwenye 2.4 GHz panga mwenyewe.

Watu hupenda pia kukimbilia chaneli 12 na 13. Nchi nyingi nje ya Amerika Kaskazini zinaziruhusu, na 13 iko mbali na 6. Tatizo, 13 inaanzia 2462, kwa hiyo wenye 11 wanakuingia nusu nzima. Na simu au TV iliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Marekani inaweza isiuone mtandao wako kabisa. Ukifanya hivyo kisha kifaa kimoja cha nyumbani kikasema hakioni Wi-Fi, jua ni hilo. Wala usibadilishe nchi kwenye mipangilio ya ruta ili kufungua chaneli zaidi: nguvu na chaneli zinazoruhusiwa ni sheria ya nchi uliyopo.

Sasa 5 GHz, ambako nafuu yako kubwa ipo. Kwa nguvu sawa, mawimbi haya hufika yakiwa dhaifu kwa desibeli 7 hivi kuliko ya 2.4 hata pasipo na ukuta, na tofali hulizidisha pengo. Huo ni udhaifu kwa anayetaka kufika mbali, na ni neema kwa anayekaa ghorofani, kwa sababu mawimbi ya majirani nayo hayafiki. Chaneli zake kuu za 36, 40, 44 na 48 hazilaliani: kila moja ina MHz 20 zake. Ipe 5 GHz jina lake tofauti ili ujue kifaa kipi kiko wapi. (Mafundi wengi huliita jina hilo kwa kuongeza "5G" mwishoni, halihusiani na 5G ya simu.) TV na laptopu za sebuleni ziweke huko moja kwa moja. Chumbani jaribu, ukipata -70 hadi -75 mara nyingi Mbps 20 zitapita bado, maana hewa haina fujo. Ikishuka chini ya -80 rudi 2.4.

Upana wa huku mipangilio ya kiwandani huwa ni MHz 80, ambao unachukua 36 hadi 48 zote nne. Kwa faiba ya Mbps 20 hauhitaji. Weka 40, na hapo unapata nafasi mbili za kuchagua, 36 na 40 pamoja, au 44 na 48. Nenda ile isiyo na jirani mwenye nguvu.

Pakijaa kote, kuna chaneli 52 hadi 64 na 100 hadi 144, ambazo kwa kawaida huwa tupu kwa sababu zinachangiwa na rada. Ruta inalazimika kusikiliza kwa sekunde 60 kabla ya kuanza kutuma. Kwa kanuni za Ulaya, chaneli 120 hadi 128 zinazogongana na rada za hali ya hewa zinangojewa dakika 10. Ikisikia rada wakati inatumika, inapaswa kuhama ndani ya sekunde 10 na isirudi hapo kwa nusu saa. Kwa hiyo ukiona mtandao wa 5 GHz haupo dakika ya kwanza baada ya umeme kurudi, ruta haijafa. Jaribu 100 kwa siku mbili; isipokatika, kaa hapo. Angalia tu kwamba TV inauona mtandao, maana TV na visimbuzi vya bei nafuu vingine havisomi chaneli hizi. Kuhusu 149 hadi 161, tupia jicho paa za majengo jirani: vile visahani na vibao vyeupe vya kampuni za intaneti isiyo na waya mara nyingi hutumia masafa hayohayo, ya GHz 5.7 hadi 5.8. Ukiviona vimeelekea kwako, achana nazo.

Yapo mambo ambayo programu yako haitayaonyesha, kwa kuwa si Wi-Fi. Maikrowevu hutoa kelele karibu na MHz 2450, hivyo huumiza zaidi chaneli 6 hadi 11. Hiyo ni sababu nyingine tena ya kuchagua chaneli 1. Kamera zisizo na waya za aina ya zamani zinazotuma picha mfululizo huweza kuifunika chaneli nzima. Na kama umechomeka diski kwenye tundu la USB 3.0 la ruta, ichomoe ujaribu: waya na kiungio chake hutoa kelele kwenye 2.4 GHz, sentimita chache tu kutoka kwenye antena. Hakuna chaneli inayoikimbia hiyo.

Ukishabadilisha, rudia ile ping ya pakiti 100, chumbani, saa ileile ya usiku, siku mbili tofauti. Ya mchana haina maana, mchana majirani wako kazini. Na ukipima tena majirani kwa Android, kumbuka kuanzia toleo la 9 programu inaruhusiwa kukagua hewa mara nne tu kwa dakika mbili, kwa hiyo simama mahali pamoja angalau nusu dakika kabla ya kuamini namba. Ukitembea nayo unasoma namba za chumba ulichotoka. Mwenye iPhone atumie AirPort Utility ya Apple, baada ya kuwasha kipengele cha kukagua Wi-Fi ndani ya mipangilio ya simu. Programu nyingine huko haziruhusiwi kuona mitandao ya jirani.

Usiku bado ni mbaya baada ya hapo? Usinunue kikuza mawimbi cha kuchomeka ukutani. Mara nyingi kinapokea na kurudia kila ujumbe kwenye chaneli ileile, yaani unaongeza msongamano na kukata kasi nusu. Kama chumbani ndipo pagumu, vuta waya wa LAN hadi huko, weka kifaa cha pili cha Wi-Fi, hicho kikae chaneli 1 na ruta ya sebuleni ihamie 11. Hapo hata yule wa chaneli 9 hatakusumbua chumbani. Ila kwa huyo kuna njia rahisi zaidi: jina la mtandao wake mara nyingi linakuambia ni nani. Gonga mlango, mwonyeshe mchoro kwenye simu, umwombe ahamie 11. Naye anaumia kama wewe, maana hapo 9 anapigwa na 6 upande mmoja na 11 upande wa pili, na yaelekea hajui.